Niliomba PhD vyuo vinne kwa andiko lilelile nikakosa vyote: njooni tuongee namna ya kuandika pendekezo la utafiti

Mkesha Maktaba (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila msimu wa maombi ya uzamivu ukikaribia napokea ujumbe uleule: "Mkuu, nirushie andiko lako niige muundo." Nikiuliza unataka kutafiti nini, najibiwa "lolote litakalopata ufadhili." Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naweka uzi. Mwenye kupinga apinge, mwenye nyongeza aongeze.

Kwanza nilikotoka. Mwaka wa kwanza niliomba vyuo vinne kwa andiko moja, nikawa nabadilisha jina la chuo tu. Na hata hilo lilinishinda: kuna andiko moja ukurasa wa kwanza nilikisifu chuo husika, ukurasa wa tatu nikamsifu mpinzani wake. Vitatu vilinikataa kwa barua ya mistari miwili, cha nne hakikujibu mpaka leo. Mwaka uliofuata nikapata nafasi. Sasa namalizia, na msimamizi wangu hunipa maandiko ya waombaji niyasome kabla yake, nimwandikie aya moja kwa kila andiko. Kwenye kiti hicho ndipo nilipoelewa kwa nini nilitupwa nje.

Msomaji hatafuti mada nzuri. Mada nzuri zimejaa. Anatafuta swali, na dalili kwamba swali hilo limeshakunyima usingizi. Ukurasa wa kwanza ukiisha sijaliona, kuanzia hapo nasoma kwa adabu tu.

Shida ni kwamba wengi wetu tunaandika mada tukidhani tumeandika swali. Andiko langu lililokataliwa lilikuwa "Sababu za wagonjwa wa shinikizo la damu kuacha dawa." Nilianza na ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2003, ile inayosema kuwa hata katika nchi tajiri ni kama nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya muda mrefu wanaofuata tiba ipasavyo. Kila mtu anayeandika juu ya jambo hili huanzia hapo. Nikateremka kwenye pengo: "hakuna utafiti kama huu uliofanyika katika wilaya hii." Nikaona nimemaliza kazi.

Wakuu, mahali ambapo hapajafanyiwa utafiti si pengo. Linakuwa pengo ukionyesha kuna sababu ya kutarajia jibu la pale liwe tofauti na la kwingine. La sivyo unaomba kulipwa miaka mitatu au minne ili urudie kazi ya mtu kwa anwani mpya.

Kilichoniokoa ni karatasi ya safu nne. Nilichukua machapisho kumi na tano ya mada yangu, nikaacha kusoma mahitimisho, nikasoma sehemu za mbinu peke yake. Safu ya kwanza: waliuliza nini. Ya pili: walimuuliza nani. Ya tatu: wapi na lini. Ya nne: nani hakuulizwa. Nilipofika chapisho la saba mkono ukaanza kuandika kitu kilekile kwenye safu ya nne. Karibu wote waliwahoji wagonjwa waliokutwa kliniki siku ya utafiti. Sasa mtu aliyeacha dawa kabisa atakutwaje kwenye benchi la kliniki akisubiri hojaji? Tulikuwa tunawauliza waliobaki kwa nini watu wanaondoka.

Swali likageuka: kati ya wagonjwa waliofunguliwa faili kisha wakaacha kuonekana ndani ya miezi 12, ni wangapi wameacha dawa kweli na ni wangapi wanazipata kwingine, na makundi hayo mawili yanatofautiana kwa lipi?

Angalia swali hilo linavyovuta mengine. Huwezi tena kukaa kliniki na hojaji. Lazima uanze na rejesta, utoe majina ya waliopotea, uwapigie simu. Hapo hatari inajitokeza yenyewe: namba nyingi zitakuwa zimekufa, na wasiopatikana huenda ndio hasa waliokuwa muhimu. Maadili nayo yanakuja bila kuitwa: ukipiga simu akapokea mke au mtoto ambaye hajui kuwa baba ana maradhi, utasema unatoka wapi? Niliandika sentensi tatu juu ya nani atapokea simu na nitasema nini. Kwenye usaili, profesa mmoja alianzia hapohapo. Mbinu zangu nyingine, ambazo nilizipamba kwa kurasa mbili, hakuzigusa.

Mapitio ya machapisho siyaongelei sana, ila kumbuka hatua tatu ambazo mwanaisimu John Swales alizieleza mwaka 1990 kuhusu utangulizi wa makala za kitaaluma: unaonyesha uwanja, unaonyesha nafasi iliyo wazi, unaingia kuikalia. Waombaji wengi hufanya ya kwanza kwa kurasa nne, ya pili kwa mstari mmoja, ya tatu wanaisahau.

Halafu kuna 384. Hii namba inanifuata hadi ndotoni. Afya, elimu, kilimo, biashara, sampuli ni 384. Ukimuuliza mtu kwa nini, anakwambia "fomula." Haya, fomula yenyewe: chukua 1.96 uizidishe kwa yenyewe, mara 0.5, mara 0.5, gawanya kwa 0.05 iliyozidishwa kwa yenyewe. Unapata 384.16. Jedwali la ukubwa wa sampuli la Krejcie na Morgan la 1970 linaishia hapohapo kwa idadi kubwa ya watu. Maana yake ni kwamba unataka kukadiria asilimia moja, kwenye kundi moja, kwa sampuli ya bahati nasibu, na uko radhi kukosea kwa pointi 5 juu au chini katika kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Kama hicho ndicho unachotafuta, itumie kwa raha zako. Lakini tuseme unalinganisha makundi mawili, moja lina asilimia 30 na jingine 40, na unataka uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona tofauti hiyo. Utahitaji watu 350 na ushee kwa kila kundi. Ukiigawa 384 kwa mbili unabaki na 192. Hapo umeandaa utafiti wa kushindwa, na ushahidi umeuandika mwenyewe.

Kwa mahojiano ya kina 384 ni kichekesho kabisa. Mtafiti Guest na wenzake, katika makala yao ya 2006, walichambua mahojiano 60 wakakuta sehemu kubwa ya mada ilishajitokeza ndani ya 12 ya mwanzo. Tafadhali msiigeuze 12 kuwa 384 mpya. Walikuwa na kundi linalofanana na swali lililobana. Sema kwa nini idadi yako inafaa swali lako, basi.

Na piga hesabu ya muda kama mtu anayejua kazi. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa hula saa nne hadi sita kuiandika neno kwa neno. Mahojiano 40 ya saa moja ni kama saa 200 za hedifoni masikioni, kabla hujachambua hata sentensi. Ratiba yangu ya kwanza ilisema "Mwezi wa 7: kukusanya na kuchambua data." Mwezi mmoja, jamani! Kibali cha maadili nilikipa wiki mbili. Jedwali lilikuwa na rangi tano na lilipendeza sana.

Mambo ya urefu, aina ya herufi na mtindo wa marejeleo fuata tangazo. Wakisema kurasa tano, ya sita ni kujitafutia balaa.

Karibuni.

Kalamu Butu

Nimekaa mkao wa kula. Ahsante mkuu. Swali langu: hilo swali nalipataje kama sina hata msimamizi wa kunisikiliza? Nimesoma machapisho hadi macho yanauma, kila ninachofikiria naona kimeshafanywa.

Mkesha Maktaba

Ukiona kila kitu kimefanywa maana yake unasoma vichwa na mahitimisho. Jaribu karatasi ya safu nne.

Njia nyingine ninayoipenda ni kutafuta machapisho mawili yanayogombana. Huyu anasema kitu kinafanya kazi, yule anasema hakifanyi, na wote wana akili. Kaa nao. Je, walipima kitu kilekile? Kwa muda uleule? Kwa watu wa aina moja? Mara nyingi ugomvi wao umejificha kwenye kipimo, na ukiuona umepata mlango.

Ile aya ya "tafiti zijazo" mwishoni mwa makala na tasnifu isome kwa tahadhari. Wengine huweka pale mambo ambayo wenyewe hawana hamu nayo, na mengine waliyaweka baada ya kuyajaribu yakawashinda.

Binti Maabara

Kwa heshima zote kaka, unaongea kama mtu wa hojaji. Huku maabara mambo ni tofauti na naona utawapoteza watu.

Ujerumani, Uholanzi, Sweden, Norway, nafasi nyingi za uzamivu hutangazwa kama kazi. Mradi umeshaandikwa, fedha imeshapatikana, mkataba na mshahara vipo. Ukiwaletea swali jipya kabisa la kwako wanajua hukusoma tangazo. Mimi niliambiwa niandike kurasa mbili. Nikachukua mradi wao kama ulivyo, nikaeleza jaribio la kwanza ambalo ningelifanya, kontroli zake (vipimo vya kulinganishia), na ningefanya nini kama matokeo yangekuja kinyume na wanavyotarajia. Hicho kipande cha mwisho ndicho walichonihoji kwa nusu saa. Mmoja akakiri kuwa na wao wana hofu hiyohiyo.

Nikakosea kitu kimoja: niliorodhesha mashine zote ninazoweza kuzitumia, kama tangazo la duka. Hakuna aliyeuliza hata moja.

Mkesha Maktaba

Dada, hapo umenifunga mdomo na umenifunga kwa haki. Nilipaswa kutenganisha mapema.

Basi kwa wasomaji wapya: kama nafasi ina mradi, andiko lako linaonyesha utakavyofikiri ndani ya swali la wenzako. Kama unakwenda na mada yako, kama ilivyo kawaida kwa maombi mengi ya Uingereza hasa upande wa sayansi za jamii na fani za lugha na historia, swali ulilete mwenyewe. Marekani mara nyingi hawaombi andiko kamili wakati wa kujiunga. Wanataka maelezo ya malengo yako, na andiko la utafiti utalitetea baadaye ukishamaliza kozi. Mtu akituma kurasa ishirini kule anakuwa amejibu mtihani ambao hakupewa.

Na wale mnaolenga mitandao ya uzamivu inayofadhiliwa na mpango wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya, angalieni sharti la uhamaji kabla ya kuandika hata neno: usiwe umeishi au kufanya shughuli zako kuu katika nchi ya taasisi inayokuajiri kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Nimeona mtu mwenye andiko safi akikwama hapo.

Mzee wa Marejeleo

Nami niongeze moja ya utu uzima.

Kuna bwana aliitwa George Heilmeier, aliongoza DARPA, shirika la utafiti wa kijeshi la Marekani, kati ya 1975 na 1977. Watu wakimletea miradi ya kuombea fedha alikuwa na maswali yake machache. Unataka kufanya nini, kwa maneno ambayo hata asiye wa fani anaelewa? Sasa hivi jambo hilo linafanywaje, na linaishia wapi? Kipya chako ni nini na kwa nini unadhani kitafaulu? Nani atajali? Kuna hatari gani, itagharimu kiasi gani, itachukua muda gani? Utajuaje katikati ya safari kwamba unaelekea? Wanafunzi wangu nawaambia wajibu hayo kwa sauti, mbele ya mtu wa nyumbani, kabla ya kunitumia chochote. Swali la kwanza peke yake huwatoa jasho.

La pili ni hizi programu za akili mnemba. Mwaka juzi nilisoma andiko la kijana mmoja, Kiingereza kimenyooka kama rula, nikafika kwenye marejeleo nikakuta ametaja makala yangu. Nikafurahi, binadamu ni binadamu. Jina langu sahihi, jarida ni lile ninalochapisha, mwaka una mantiki. Ila makala hiyo sijawahi kuiandika! Nilikaa dakika kumi najiuliza kama nimezeeka kiasi hicho. Nikaifuata namba ya DOI (namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni), ikanipeleka kwenye makala ya mtu mwingine kuhusu jambo lisilohusiana. Kijana nilimwandikia nikamuuliza, hakujibu.

Sisemi msitumie. Kunyoosha lugha, kukuuliza maswali magumu, sawa kama tangazo halikatazi. Lakini kila rejeleo lifungue kwa mkono wako, usome angalau sehemu unayoitaja.

Kalamu Butu

Mzee umenichekesha halafu umenitisha. Naenda kufungua yangu moja moja usiku huu 😂

Na barua pepe ya kumtafuta msimamizi je? Nimetuma 43, amejibu mmoja, na aliniambia amestaafu.

Mkesha Maktaba

43 za maneno yaleyale, au 43 tofauti? Sihitaji jibu.

Tuma chache. Mistari minane inatosha: wewe ni nani kwa sentensi moja, swali lako kwa sentensi mbili, kazi yake ipi imekugusa na wapi swali lako linaanzia pale alipoishia yeye, halafu uliza kama anapokea wanafunzi mwaka huu. Andiko la ukurasa mmoja au mbili ambatanisha. Usiandike "nimesoma kazi zako zote nimevutiwa sana." Hata mkewe hajasoma kazi zake zote.

Jongoo wa Kumbini

Wakuu naomba mnichinje hadharani. Mada yangu: "Athari za mitandao ya kijamii kwa ufaulu wa wanafunzi wa vyuo vikuu." Sampuli… sitaji 🙈

Mkesha Maktaba

384 😂 Karibu sana.

Tuanze na neno "athari." Umeshadai kwamba mitandao inasababisha. Utajuaje kama aliyefeli hakukimbilia mtandaoni kwa sababu ameshakata tamaa na masomo? Hojaji ya siku moja inayouliza "unatumia saa ngapi" na "alama zako ni ngapi" haiwezi kukutenganishia hayo. Pia "mitandao ya kijamii" ni nini? Anayetazama vichekesho na anayejadili hesabu na wenzake wote umewatia gunia moja. Wewe binafsi umewahi kuona nini kilichokufanya ufikirie jambo hili?

Jongoo wa Kumbini

Ukweli wenyewe nimefundisha kama msaidizi mihula miwili. Darasa lilikuwa na kundi la WhatsApp. Mazoezi ya kila wiki wanafunzi walikuwa wanapata alama nzuri kupita kiasi, na makosa yalikuwa yanafanana. Mmoja akisahau alama ya kutoa, watu thelathini wameisahau palepale. Ukija mtihani wa ndani ya chumba, wale wale wanaanguka. Lakini si wote. Kuna wachache walikuwa kwenye kundi hilohilo na mtihani waliupasua.

Binti Maabara

Hapo nimekaa wima. Mbona hilo hukuliandika mwanzo?

Jongoo wa Kumbini

Niliona halina hadhi ya kitaaluma dada.

Mkesha Maktaba

Hilo ndilo andiko lako. Hiyo alama ya kutoa iliyosahauliwa na watu thelathini ina thamani kuliko kurasa tano za historia ya intaneti. Una vipimo viwili vya mwanafunzi yuleyule, zoezi la nyumbani na mtihani wa chumbani, kwa hiyo unaweza kuangalia tofauti kati yake. Na una fumbo: wawili wamo kwenye kundi moja, mmoja kanufaika mwingine kaumia. Wanatofautiana kwa lipi? Anayeuliza "umepataje?" na anayenakili "jibu ni ngapi?" pengine si mtu mmoja. Jaribu kuliandika kwa sentensi moja.

Jongoo wa Kumbini

Haya: "Miongoni mwa wanafunzi wa darasa moja wanaotumia kundi la pamoja kujadili mazoezi, namna mtu anavyolitumia kundi hilo (kuomba jibu, kuomba maelezo, kusoma kimya) inahusianaje na tofauti kati ya alama zake za mazoezi na za mtihani?"

Mzee wa Marejeleo

Kijana umesema "inahusianaje" badala ya "athari." Nimekuona.

Binti Maabara

Naomba nimtwishe mzigo. Ili ujue nani aliomba jibu na nani aliomba maelezo lazima usome yaliyoandikwa ndani ya kundi. Tuseme kundi lina watu 120. Mmoja akikataa data yake isitumike, lakini wenzake wamemjibu na kumtaja jina kila mahali, unafanyaje? Na wale wanaosoma kimya hawaachi alama yoyote, utawajuaje?

Jongoo wa Kumbini

Duh.

Hao wa kimya ndio wengi.

Mkesha Maktaba

Basi usilifiche. Liweke kwenye andiko kwa maneno yako mwenyewe, useme utaanza na nini: pengine mahojiano na wachache wa kila aina ndipo upime, pengine kundi jipya lililofunguliwa kwa ridhaa tangu siku ya kwanza, ingawa hapo watu watajua wanatazamwa na watajirekebisha. Chagua moja na ueleze umepoteza nini kwa kuichagua.

Jongoo wa Kumbini

Mwisho wa maombi ni baada ya siku kumi na moja. Kesho jioni naweka hapa ukurasa mmoja. Msilale, na mzee tafadhali usinihurumie.